Korosho ya kusini: kiwanda kinachoshindwa Oktoba

Msimu wa korosho kusini mwa Tanzania hufunguliwa Oktoba, na ikifika Januari kazi kubwa imekwisha. Ndani ya miezi hiyo minne wakulima wa Mtwara, Lindi na Tunduru huuza karibu mavuno yao yote. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, huondoka nchini ikiwa ghafi ndani ya ganda lake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Malalamiko juu ya jambo hili ni ya tangu enzi za Mwalimu. Viwanda vimejengwa, vikafa, vikabinafsishwa, vikageuzwa maghala, na vichache vikafufuliwa. Kila mara lawama huangukia mashine: ni chakavu, ni za kizamani, hazitoshi.

Mashine zina fungu lake katika lawama hizo. Lakini ukikifuatilia kisa hiki kwa hesabu, utakuta kiwanda cha korosho kusini huuawa na mambo mawili ambayo mgeni anayetembezwa kati ya mitambo hayaoni: fedha za kununua ghafi ya mwaka mzima ndani ya wiki kumi hivi, na idadi ya viini vinavyotoka vizima.

Viwanda kumi na viwili

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi, kiasi ambacho hakikufikiwa tena kwa zaidi ya miaka 30. Mavuno hayo ndiyo yaliyotia moyo mipango ya viwanda. Kwa mikopo ya nje, ukiwemo wa Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru na Kibaha, juu ya vile vya kampuni ya TANITA vya Dar es Salaam. Kwa jumla vilifika 12, vyenye uwezo wa kubangua tani 113,000 hivi kwa mwaka. Kwenye karatasi, karibu zao lote lingebanguliwa nyumbani.

Wakati saruji inamwagwa, zao lenyewe lilikuwa linaporomoka. Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976 iliwahamisha wakulima, wengi wakaenda mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa huzaa kidogo na moto wa kichaka huupitia. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuifuata mikorosho kilomita kadhaa hakukulipa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia maua na machipukizi machanga. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 17,000. Dawa ya salfa, ambayo matumizi yake yalifanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Naliendele, ndiyo iliyorudisha uzazi katika miaka ya 1990. Kufikia hapo viwanda vilikwisha kulala.

Hata ghafi ingekuwepo, mitambo ile ilikuwa na masharti magumu. Ilikuwa ya aina mbili: Oltremare ya Italia na Cashco ya Japani. Zote mbili husafirisha korosho moja moja kwa mnyororo hadi kwenye visu. Visu hukata ganda bila kugusa kiini, kisha ganda hufunguliwa. Zikifanya kazi sawasawa, robo tatu hivi ya viini hutoka vizima. Kasoro ni kwamba kisu kimetengenezwa kwa umbo la korosho ya ukubwa fulani. Korosho iliyo ndogo kuliko ukubwa huo haibanguliki. Mikorosho iliyozeeka na kushambuliwa na ubwiriunga hutoa punje ndogo, kwa hiyo sehemu ya mzigo ilikuwa haipiti kabisa kwenye mashine, na iliyopita vibaya ilitoka vipande. Kisu kikipoteza makali, kipuri kilitakiwa kuagizwa kwa fedha za kigeni, na miaka hiyo nchi haikuwa nazo hata za kununulia mafuta.

Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaja na soko lao tayari India. Majengo ya viwanda yalipouzwa baadaye, mengi yakawa maghala. Watu wa kusini huliita jambo hili hujuma. Lakini kwa mfanyabiashara wa ghafi, jengo lenye paa zima, sakafu kavu ya saruji na lango la kupitisha lori lina faida ya haraka likiwa ghala kuliko likiwa kiwanda. Mkataba wa mauzo uliotaka kiwanda kiendeshwe ulihitaji mtu wa kuusimamia kila mwaka, na hilo halikufanyika.

Korosho inapitia nini hadi iwe kiini

Ili kuona fedha inapotelea wapi, lazima kuifuata korosho hatua kwa hatua.

Mkulima huokota iliyodondoka, huitenganisha na bibo (tunda lake), huianika siku mbili tatu. Ghafi inayofaa kuingia ghalani ina unyevu usiozidi asilimia 8 hadi 9. Ikizidi hapo na kufungwa kwenye gunia, joto hupanda katikati ya rundo, kiini kinageuka manjano, kisha ukungu. Magunia hupangwa juu ya chaga, si sakafuni, na mbali kidogo na ukuta.

Kabla ya kununua hupimwa. Huchukuliwa sampuli ya kilo 1 kutoka magunia mbalimbali, hesabu ya punje huandikwa (chini ya 200 kwa kilo ni nzuri, juu ya 210 mnunuzi huanza kununa), kisha kila punje hupasuliwa. Viini vizuri huwekwa upande mmoja, vyenye madoa upande wa pili, vilivyooza, vilivyosinyaa na mapepe hutupwa. Uzito wa vizuri hujumlishwa na nusu ya uzito wa vyenye madoa, na jibu huzidishwa kwa 0.1764. Vizuri vikiwa gramu 270 na vya madoa gramu 26, unapata 283, na kipimo chake ni 49.9, yaani ratili 49.9 za kiini kwa gunia la kilo 80. Korosho ya kusini mwa Tanzania kwa kawaida hucheza kati ya 48 na 53, na hicho ni kiwango cha kujivunia.

Hapa ndipo mwekezaji mgeni hujikwaa. Ratili 50 kwa gunia ni asilimia 28 ya uzito, naye huandika asilimia 28 kwenye mpango wa biashara. Kiini cha sampuli hupimwa kikiwa na ngozi yake ya ndani na unyevu wake wote. Kikishakaushwa na kumenywa, na kile kinachopotea njiani kikitolewa, kinachofika kwenye katoni ni asilimia 22 hadi 24. Tofauti hiyo ya asilimia nne hadi sita ndiyo faida yote aliyokuwa anaitarajia.

Kiwandani, ghafi hupangwa kwa ukubwa kwenye pipa lenye matundu linalozunguka. Hatua hii hudharauliwa, lakini inaamua yote yanayofuata, kwa sababu muda wa kupika kwa mvuke hutegemea ukubwa. Punje ndogo na kubwa zikiingia pamoja kwenye chungu cha mvuke, ndogo hupitiliza na mafuta ya ganda huingia kwenye kiini, kubwa hubaki ngumu na kuvunjika kwenye kisu. Baada ya mvuke, korosho huachwa ipoe kwa saa 12 hadi 24 ili ganda likakamae na kiini kijitenge nalo.

Kubangua kwa mashine ya mkono na mguu: mbanguaji huiweka korosho kati ya visu viwili, anakanyaga, anavuta mkono, ganda linafunguka. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, kwa hiyo mikono hupakwa majivu au mafuta ya kupikia, au huvaliwa glovu, ingawa glovu hupunguza kasi na wanaolipwa kwa kilo huzivua. Mbanguaji mzoefu hutoa kilo 10 hivi za kiini kwa siku. Baadaye kiini huingia tanurini kwa nyuzi 70 hivi za Selsiasi, saa 6 hadi 8, mpaka unyevu ushuke kiasi cha ngozi kuachia. Kumenya hufanywa kwa kisu kidogo butu au kwa mashine ya hewa yenye mgandamizo, na zile zilizogoma humaliziwa kwa mkono. Hapo ndipo nyingi huvunjika: kiini kilichokauka mno hupasuka ukikigusa tu, kisichokauka vizuri hung'ang'ania ngozi na kumegwa na kisu.

Mwisho ni kupanga madaraja. WW320 ni nyeupe nzima, viini 300 hadi 320 kwa ratili. WW240 na WW180 ni kubwa zaidi na ghali zaidi. Zilizoungua kidogo zina daraja lake, nusu zina lake, vipande vikubwa na vidogo vina yake. Hufungwa kwenye mifuko iliyoondolewa hewa, kisha katoni za ratili 50. Kontena la futi 20 hubeba katoni 700, tani 15.9 hivi.

Hesabu ya kiwanda cha tani 5,000

Tuchukue kiwanda cha kati chenye uwezo wa tani 5,000 za ghafi kwa mwaka. Bei zinazofuata ni za mfano, zimewekwa ili kuonyesha uhusiano wa namba, si bei za soko la leo. Ghafi Shilingi 3,000 kwa kilo hadi mlangoni. Mapato ya kiini asilimia 23, yaani tani 1,150. Nzima zinauzwa Shilingi 18,500 kwa kilo kwa wastani, zilizovunjika 12,000. Gharama za kiwanda, kuanzia vibarua, umeme na vipuri hadi katoni na usafiri wa kufika bandarini, Shilingi 2,000 kwa kila kilo ya kiini.

Ghafi peke yake inakula Shilingi 13,043 katika kila kilo ya kiini. Wengi hushangaa hapa: wanafikiri kiwanda ni mashine na mishahara, kumbe zaidi ya asilimia 80 ya gharama ni ile korosho waliyoinunua.

Sasa riba. Ghafi yote ya mwaka lazima inunuliwe ndani ya msimu, Shilingi bilioni 15, kabla katoni ya kwanza haijauzwa. Akiba ikipungua sawasawa mwaka mzima, wastani wa deni ni bilioni 7.5. Kwa riba ya asilimia 15, hiyo ni bilioni 1.125 kwa mwaka, sawa na Shilingi 978 kwa kila kilo ya kiini. Jumla ya gharama: 16,021.

Zikitoka nzima asilimia 75, wastani wa bei ni Shilingi 16,875, na faida ni 854 kwa kilo. Zikitoka nzima asilimia 60, wastani unashuka hadi 15,900 na kiwanda kinapata hasara ya Shilingi 121 kwa kila kilo kinayouza, huku mashine zikizunguka na wafanyakazi wakifika kazini kwa wakati. Mapato ya kiini yakishuka kutoka asilimia 23 hadi 21, kwa sababu ghafi ilinunuliwa mbichi au ilikaa vibaya ghalani, gharama ya ghafi inapanda kwa 1,243 na faida yote imekwisha, hata kama mbanguaji havunji kitu.

Na bei ya mnadani ikifika Shilingi 4,000, kama ilivyotokea kwenye minada ya msimu wa 2024/25 ambapo ilivuka hapo, kilo ya kiini inabeba Shilingi 17,391 za ghafi tupu. Bei ya kiini duniani isipopanda sambamba, anayefanya hesabu kwa uaminifu haingii mnadani kabisa. Furaha ya mkulima wa Tandahimba ndiyo kilio cha mwenye kiwanda wa jirani, na sera yoyote inayojifanya hilo halipo itagonga mwamba mapema.

Anayeshindana naye mnadani

Mnunuzi anayepeleka ghafi Vietnam anakaa kwenye mnada uleule, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima huweka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani) ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Kiwanda cha eneo la Bình Phước, Vietnam, hakinunui mara moja kwa mwaka. Februari hadi Mei kinakula korosho ya Vietnam yenyewe na ya Kambodia. Miezi hiyohiyo na inayofuata meli zinaleta ya Afrika Magharibi. Mwisho wa mwaka, wakati kaskazini mwa ikweta hakuna mavuno, inafika ya Tanzania na Msumbiji. Ndiyo maana korosho yetu hupendwa: inafika wakati maghala yao yanakauka. Kiwanda kinachonunua mara tatu kwa mwaka, kila mara akiba ya miezi minne, kina wastani wa deni wa bilioni 2.5 badala ya 7.5. Kwa riba ileile ya asilimia 15 kingelipa Shilingi 326 kwa kilo badala ya 978. Mikopo ya biashara ya nje kwa dola huwa nafuu zaidi ya hapo. Kabla ya kulinganisha mashine, wa Mtwara ameshaachwa nyuma.

Mashine nazo zimebadilika. Vietnam ilijitengenezea mashine zake za kubangua na kumenya kutoka karakana ndogo, zikaboreshwa na watu walewale waliozitumia, vipuri vikapatikana barabara ya pili. Kisu kikichakaa Bình Phước, kinabadilishwa mchana. Kikichakaa Masasi, kinasubiri ndege.

India ni habari nyingine. Huko kiini kilichobanguliwa kinakutana na ushuru mkubwa: mwaka 2019 ulipandishwa kutoka asilimia 45 hadi 70, wakati ghafi inaingia kwa ushuru mdogo. Kwa maneno mengine, soko kubwa la walaji lililo karibu nasi limefunguliwa kwa korosho yenye ganda na kufungwa kwa isiyo nalo. Kiwanda cha Mtwara kinabaki na Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambako ushuru si tatizo kubwa, lakini mnunuzi anataka vyeti vya usalama wa chakula, kumbukumbu za kila shehena, na mzigo wa daraja moja usiobadilika miezi kumi na miwili.

Kinga iliyopo upande wetu ni ushuru wa kusafirisha ghafi: asilimia 15 ya thamani bandarini, au dola 160 kwa tani, lolote lililo kubwa. Bei ikiwa dola 1,500, ushuru ni 225. Bei ikishuka chini ya dola 1,067, ile 160 ndiyo inayotumika. Mnunuzi wa nje huikata mapema kwenye zabuni yake, kwa hiyo mbanguaji wa ndani hupata nafasi ya kupumua ya kiasi hichohicho. Anayelipa nafasi hiyo ni mkulima. Makubaliano ya awali yalikuwa kwamba asilimia 65 ya fedha hizo zirudi kwenye tasnia: pembejeo, utafiti, uhamasishaji wa ubanguaji. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana, na kwa hesabu walikuwa na hoja: kinga isiyorudi kiwandani wala shambani ni kodi tu.

Jirani wa ng'ambo ya Ruvuma ameonja pande zote mbili. Msumbiji ilipunguza ushuru wa ghafi katika miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ghafi ikakimbilia India, viwanda vikubwa vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Baadaye ikarejesha ushuru wa asilimia 18, na viwanda vilivyofufuka vilikuwa vidogo, vya kubangua kwa mkono, vikiuza kwa pamoja.

Novemba 2018

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 300,000, bei ikapanda juu ya Shilingi 4,000. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilikuwa imeanguka. Oktoba 2018 zabuni zilikuja na bei kati ya Shilingi 1,900 na 2,700, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue zao lote kwa Shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya Jeshi yakasomba mzigo, mawaziri wa kilimo na wa viwanda wakaondolewa. Tamko lilikuwa kwamba korosho hiyo itabanguliwa nchini.

Kilichotokea kinafaa kusomwa na kila anayepanga viwanda. Uwezo wa kubangua uliokuwa unafanya kazi ulikuwa sehemu ndogo tu ya zaidi ya tani 200,000 zilizonunuliwa. Kiwanda cha Buko cha Lindi kilikabidhiwa Jeshi, lakini kiwanda kimoja au vitano haviwezi kumeza mzigo wa namna hiyo. Kufundisha mbanguaji hadi afikie kilo 10 kwa siku bila kuvunja ovyo ni kazi ya miezi. Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, mkataba ukavunjika. Ghafi ikabaki maghalani ikipitia masika. Hewa ya pwani ya Machi na Aprili ni ya unyevu, ganda huunyonya, na kipimo cha kiini hushuka wiki hadi wiki bila gunia kufunguliwa. Korosho iliyouzwa baadaye haikuwa ile iliyonunuliwa.

Mkoa unabaki na nini

Mjadala wa kitaifa huzungumzia fedha za kigeni. Ukiwa Mtwara, swali ni jingine: fedha inakaa wapi baada ya Januari?

Ghafi ikiuzwa Shilingi bilioni 15, halmashauri hukata ushuru wa mazao wa asilimia 3: milioni 450. Mzigo huohuo ukibanguliwa hapohapo na kuuzwa kwa bilioni 19.4, ushuru wa huduma, kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mauzo kilichotumika kwa miaka mingi, unaongeza milioni 58 hivi. Mkurugenzi wa halmashauri anayetafuta mapato ya bajeti yake ana sababu ya kufurahia mnada mkali, na sababu ndogo mno ya kuhangaikia kiwanda. Makato yamepangwa hivyo, na motisha hufuata makato.

Faida ya mkoa iko kwenye mishahara. Kwa kubangua na kumenya kwa mkono, tani moja ya ghafi hutoa kilo 230 za kiini, sawa na siku 23 za mbanguaji mmoja na karibu siku 20 za mmenyaji. Kiwanda cha tani 5,000 kinahitaji siku za kazi 215,000, au watu 800 hivi wanaofanya kazi siku 270 kwa mwaka, wengi wao wanawake. Mishahara hiyo hulipwa Machi, Mei, Julai, miezi ambayo Newala na Tandahimba fedha imekauka na mkulima anaanza kuuza kwa kangomba, yaani kuiuza korosho mapema kwa mlanguzi, nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa. Kipato cha kila wiki katika kaya moja huondoa haja ya kangomba kwa kaya hiyo. Faida hii haionekani kwenye takwimu za bandari, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Ina mgogoro wake. Mashine za kisasa hupunguza wabanguaji kuwa wachache, na bila mashine hizo gharama ya mkono na viini vinavyovunjwa na wanaojifunza humaliza faida. Wenye viwanda wengi huishia katikati: mashine kwa kubangua, mikono kwa kumenya na kupanga. Tena Oktoba hadi Desemba wafanyakazi hupungua, kwa sababu wao wenyewe wana mikorosho na wamekwenda kuokota. Kiwanda chenye busara hupanga matengenezo ya boila na tanuri miezi hiyo na kutumia watu waliobaki kupokea na kupima ghafi.

Maganda ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa ghafi. Kiwanda chetu kinatoa tani 3,500 kwa mwaka. Yakichomwa yalivyo kwenye boila, moshi wake unawasha macho mtaa mzima. Yakikamuliwa kwanza hutoa mafuta yanayotumika kwenye vitambaa vya breki na rangi. Kwa kiwango cha asilimia 20, hizo ni tani 700, na makapi yanayobaki huwaka safi zaidi. Shida ni wingi: kinu cha kukamua hakilipi kwa kiwanda kimoja, kinahitaji maganda ya viwanda kadhaa vilivyo karibu. Hiyo ndiyo hoja ya kongani ya viwanda iliyopangwa Maranje, mkoani Mtwara: vinu vya mafuta, karakana ya visu na wauzaji wa katoni hufuata palipo na viwanda vitano, si kimoja. Umeme nao. Mtwara imekuwa ikiwasha majenereta ya gesi ya Mnazi Bay, na bomba la kilomita zaidi ya 500 limepeleka gesi ya kusini Dar es Salaam tangu 2015, lakini umeme ukikatika kwa saa tatu tanuri likiwa katikati ya kazi, kundi zima la kiini linabadilika rangi na kushuka daraja.

Njia iliyo mezani sasa ni vyama vikuu vya ushirika kujenga viwanda vyao. TANECU, chama kikuu cha Newala na Tandahimba, kimefanya hivyo. Kwa hesabu tuliyoifanya, umiliki huu una mantiki kuliko mwingine wowote: bei ya ghafi ikipanda, kiwanda kinaumia lakini mwanachama anapata, ikishuka, kiwanda kinapata na mwanachama anaumia, mfuko ni mmoja. Ghafi inaweza kubaki ghala la chama, stakabadhi ikawekwa benki kama dhamana, na kiwanda kikachota tani 100 kila wiki kadiri kinavyouza. Lakini ili mfuko uwe mmoja kweli, mwanachama lazima akubali sehemu ya malipo yake ije kama gawio baada ya kiini kuuzwa, Juni au Julai. Shule hufunguliwa Januari, na ada hulipwa Januari.